Tyyne Amfuata Hilja

Habari ilisomwa redioni Tyyne akiwa anakamua ng'ombe wa watu: bunge la Finland limeifuta ile sheria. Mwanamke akimpenda mwanamke mwenzake, hafungwi tena. Kisha mtangazaji akaingia kwenye habari za theluji.

Tyyne alifungwa kwa sheria hiyo ujanani. Yeye na Hilja walikuwa wakitumika shamba moja kule mkoani Savo, wakilala chumba kimoja, na kaka yake Hilja ndiye aliyekwenda polisi. Mahakamani hawakukana. Tyyne alipotoka jela alikuta Hilja amekwisha kuozwa kwa mkata miti wa kaskazini, harakaharaka, ili kuziba midomo ya watu. Yeye mwenyewe Savo nzima hakuna aliyemtaka kazini. Akahamia kusini, akazeekea kwenye mazizi ya wengine.

Jumamosi aliomba ruhusa. Bibi Saimi, mwenye shamba, akamuuliza anakwenda kwa nani na baridi yote ile.

"Kwa mtu wangu," Tyyne akasema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

Njia nzima ndani ya basi la kaskazini alijiambia hataki makubwa, kumwona tu, basi.

Hilja alifungua mlango mwenyewe. Nywele zilikuwa mvi tupu, mikono imejaa unga. Nyuma yake wanaume walikuwa wakila.

"Wameifuta, Hilja," Tyyne akanong'ona. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi hatuna kosa."

"Wewe huna. Mimi naishi na hawa."

Mumewe akauliza kutoka mezani ni nani huyo anayewaingizia baridi.

"Mchuuzi tu," Hilja akajibu kwa sauti ya kusikika. Akamgeukia Tyyne, sauti ni ileile. "Leo hatununui kitu, mama. Nenda salama."

Mlango ukafungwa taratibu, kama unaofungwa penye mgonjwa. Tyyne alisimama kwenye theluji mpaka vidole vikafa ganzi, ndipo akaenda kungojea basi dukani. Mwenye duka alipomuuliza kamtembelea nani, akasema amepotea njia.

Aliporudi, Bibi Saimi alitaka kujua kama alimkuta mtu wake.

"Amekufa," Tyyne akasema.

Bibi Saimi akamshika bega, akampa pole. Tyyne akaipokea. Kwa miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumpa pole kwa ajili ya Hilja.