Sweta la Njano

Utotoni mwangu, mvua zikianza na mimi nikianza kukohoa, mama aliziba kila mwanya wa dirisha kwa matambara. "Baridi isikuingie kifuani, baba," aliniambia, huku ukuta ukiota ukungu mweusi ubavuni mwa kitanda.

Sasa mimi ni fundi ujenzi, na chumbani humo humo binti yangu anabanwa na kifua.

"Mama, ukungu ndio ulionikohoza! Chumba kinataka hewa!" nilifoka, nikichomoa tambara moja baada ya jingine.

La mwisho lilikuwa sweta la mama la njano, lile alilosema zamani kwamba liliibwa kwenye kamba ya nguo. Miaka yote ile alitetemeka, akidai hasikii baridi.

Nikamwonyesha.

"Ala!" mama akacheka. "Kumbe mwizi alilificha huku!"