Kitambaa Ndani ya Bloku

Injini ya gari la Joniel ilikuwa inanguruma kwenye mstari wa kuanzia, pale uwanja wa mbio wa Salinas, mama yake Migdalia alipogundua kwamba kipande kimoja cha kitambaa hakipo.

Yeye ndiye fundi aliyeiimarisha bloku ya injini hiyo, kwa kumimina saruji ngumu kwenye njia za maji ili kuta za silinda zisipasuke kwa kishindo cha mbio. Kabla ya kumimina huchana kitambaa chekundu na kuziba matundu ya oili. Akimaliza huvichomoa vipande na kuvipanga mezani mpaka kitambaa kikamilike. Safari hii umeme ulikatika, kama ulivyo umeme wa kisiwa hiki, akamalizia kwa tochi ya simu na vipande akavitia mfukoni. Sasa alikuwa amevitandaza kwenye boneti ya pikapu yake, na pembe moja haikuwepo.

Kama ilibaki tunduni, oili ingepanda isirudi, injini ingekauka na kukwama katikati ya mwendo, na mwanawe wa pekee angejibamiza ukutani.

"Zima!" alipiga kelele akikimbia. "Joniel, zima!"

Nani amsikie? Jamaa mmoja aliyekuwa anatafuna alkapuria, andazi la nyama la kukaanga, akamcheka. "Mama, mwache kijana akimbize gari! Unaogopa atatutia aibu?"

"Nipishe, mjinga wewe!"

Alifika kwenye uzio. Joniel alipomwona akainua kiganja kuomba baraka, kama aombavyo kila mtoto wa huku kwa mama yake, hata akienda dukani tu. Migdalia akaficha mikono yote miwili mgongoni, akatikisa kichwa.

Joniel akaomba tena. Mama akakataa tena, machozi yanamtoka. Taa za kuanzisha mbio zikaanza kuwaka. Ndipo Joniel, asiyethubutu kuondoka bila baraka, akaizima injini.

Watu wakazomea. Joniel akashuka amefura. "Mama, unaninyima baraka? Mbele ya watu wote hawa?"

"Fungua sampu."

Wakalisukuma gari kando, wakamwaga oili, wakafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Joniel akaingiza waya kwenye tundu la oili, akavuta. Kipande chekundu kikatoka kinachuruzika. Akakaa chini kwenye lami.

"Tafuta fundi mwingine," Migdalia alisema. "Nimekaribia kukuua, mwanangu."

"Fundi mwingine angenikimbilia vile?" Akampa spana. "Kaza, Mama."

Aliipokea. Hofu haikumtoka, aliingia nayo chini ya gari, na kila nati aliyoikaza, aliirudia kabla ya kugusa nyingine.