Printa ya Chumbani Kwangu

Printa ni yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu humu ndani kuna mtu anayejifanya amesahau. Niliinunua mwaka niliostaafu, nikaiunga kwa waya kwenye kompyuta yangu ya mezani, nikaiweka chumbani kwangu karibu na dirisha, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeigusa ila mimi.

Kisha binti yangu akarudi nyumbani. Mama yake alikuwa ameshatutoka, na mimi nilikuwa nimeteleza bafuni nikavunjika mkono. Akaja kunitazama kwa wiki mbili, na wiki mbili zikawa mwaka na nusu. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo, na mchora ramani hapumui bila karatasi. Mwanzoni alikuwa anaingia na laptopu yake kwapani, anachomoa waya wangu, anachomeka wake, anachapa, anaondoka. Nikirudi mimi, nabonyeza weee, printa kimya. Tukawa tunakwaruzana kila siku ya Mungu. Mwishowe akakaa kwenye kiti changu saa nzima akibofya hapa na pale, akatangaza kwamba amemaliza ugomvi.

"Sasa Baba, mimi nikichapa nikiwa sebuleni, kazi inapitia kwenye kompyuta yako, halafu inatoka kwenye printa. Hakuna tena kuchomoleana waya. Sharti ni moja tu, usiizime kompyuta yako. Ukiizima, kazi zangu zinakaa foleni mpaka uiwashe."

"Foleni ya wapi tena?"

"Kwenye laptopu humu humu. Zinasubiri."

Nikakubali. Kukubali hakujawahi kunishinda. Ila nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha wasahihishaji wa gazeti, na sheria ya chumba kile ilikuwa kwamba anayetoka wa mwisho anazima kila kitu ukutani. Mkono wangu una akili zake. Nikiinuka kwenda kunywa maji tu, nimeshazima swichi. Halafu nasikia sebuleni mtu anashusha pumzi na kusema, "Baba."

Ijumaa moja aliamka amenuna. Nilimsalimia, akaitikia nusu. Alikaa mbele ya laptopu muda mrefu, chai ikapoa, kisha akabofya, akangoja, akabofya tena. Mimi nilikuwa jikoni namtazama, nikijua fika kwamba swichi yangu imezimwa tangu jana. Ningeweza kusema. Sikusema, kwa ukaidi tu, mtu mzima hovyo. Akachukua mfuko akaenda kununua mkate, laptopu akaiacha wazi mezani.

Hapo ndipo roho ikanisuta. Nikaenda kuwasha kompyuta. Haikupita dakika mbili, printa ikaanza kutoa karatasi, moja, ya pili, mpaka nne. Zote zilikuwa barua ile ile, maana alibofya mara nne.

Najua barua ya mtu haisomwi. Lakini karatasi ikipita mbele yangu mimi siisomi, naisahihisha, na hayo ni maradhi yasiyo na dawa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi kabla sijakaa. Mstari wa kwanza ulikosa mkato. Wa pili, neno "pia" limerudiwa. Wa tatu ulisema: "Nawashukuru kwa kunichagua kuwa mkuu wa wachoraji katika ofisi yenu mpya."

Kalamu ikasimama. Hakuwa ameniambia. Kwa anwani iliyo juu ya barua, ofisi hiyo iko mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huyu ni mtoto aliyekuwa akichora nyumba nyuma ya kurasa za majaribio, zile tulizosahihisha kabla gazeti halijachapwa, nilizomletea kutoka kazini, nyumba zenye ngazi na madirisha yaliyopimwa kwa rula, tangu hajajua kuandika jina lake vizuri. Nikaendelea: "Nasikitika kwamba sitaweza kuipokea nafasi hii. Baba yangu ni mzee na hawezi kuishi peke yake. Nawasilisha jibu langu leo, siku ya mwisho mliyonipa, katika ofisi yenu ya hapa kabla haijafungwa saa sita."

Nilikasirika kwanza. Mimi, siwezi? Hasira ikapoa upesi, ikaniachia aibu, na uchungu ambao sikuwa nimeuonja tangu tulipomzika mke wangu. Mtoto wangu alikuwa anajifungia mlango, na mlango wenyewe ni mimi.

Nilitamani kuikata sentensi ile kwa mstari mmoja. Lakini msahihishaji hana ruhusa ya kubadili habari ya mtu. Akitilia shaka jambo, anachora alama ya kuuliza pembeni, anaandika "Hakikisha", anamrudishia mwandishi, na habari haiendi mtamboni mpaka jambo lithibitishwe. Basi nikachora alama ya kuuliza kando ya "hawezi kuishi peke yake", nikaandika "Hakikisha", nikaiweka barua juu ya laptopu yake.

Aliporudi, aliisoma amesimama, mkate bado mkononi.

"Baba, umesoma barua yangu."

"Nimeisahihisha."

"Nihakikishe nini? Jirani alikukuta sakafuni saa nane mchana. Ulikuwa umelala pale tangu asubuhi."

"Nililala, ndiyo. Sasa simu inakaa mfukoni, bafuni kuna mkeka wa mpira, na jirani ana ufunguo."

"Na kupika?"

"Nani aliyeunguza sufuria Jumapili?"

Alicheka bila kutaka, akaketi. Nikaketi karibu yake.

"Mwanangu, umeandika kwamba siwezi. Ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza. Niliogopa."

"Uliogopa nitasema naweza, au nitasema siwezi?"

"Vyote, Baba."

Ningemwambia nini? Kwamba kabla hajaja nilikuwa nawasha redio vyumba viwili ili nyumba isinyamaze? Kwamba siku hizi naamka kwa sababu nasikia vikombe vikigongana jikoni? Hayo nikayameza.

"Saa nne imeshapita," nikasema. "Ofisi yao ya hapa inafungwa saa sita. Andika upya."

Alifuta machozi kwa kiganja, akavuta laptopu. Mimi nikaenda kukaa mbele ya kompyuta yangu, mikono magotini, mbali na swichi. Karatasi ikatoka moja. Sikuigusa. Akaja mwenyewe akaichukua, akaniwekea mbele.

"Sahihisha."

Ilikuwa barua ya kukubali kazi, fupi na safi. Ila katikati kulikuwa na sentensi moja: "Baba yangu amenihakikishia kwamba ataweza kuishi peke yake."

"Hii haihitajiki," nikasema. "Wao inawahusu nini?"

"Najua. Nitaifuta. Nataka uihakikishe kwanza."

Alikuwa ameshika kiti changu kwa nyuma, na sikuthubutu kugeuka, maana angeniona uso. Kwa miaka thelathini na moja sikupitisha hata mstari mmoja nisiokuwa na hakika nao.

"Ni kweli," nikamwambia. "Ifute, uchape tena, uwahi."