Ishara za Chumba cha Kufulia

Nina waume wawili, ndivyo nilivyokuwa nikiwatania wenzangu kazini. Mkubwa ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Mdogo ni Kifungo, rafiki yake, aliyekuja mlangoni petu akiwa na miaka minane, shati limebaki wazi kifua chote. Nilimshonea vifungo sita, na jina likamganda.

Mimi na wenzangu tunafua taulo za uwanja wa tenisi. Mimi huu ni mwaka wa thelathini na moja. Mashine zinanguruma kiasi kwamba ukimwita mtu aliye hatua mbili tu utapasua koo bure, kwa hiyo tunaongea kwa vidole. Ngumi: nabaki hapa. Vidole viwili: nahamia upande wa pili. Kiganja wazi: subiri. Kidole gumba kikigonga kidole kidogo mara mbili: njaa. Hiyo ya mwisho Kifungo aliijua kabla ya zote. Alikuwa anasimama nje ya dirisha letu, anagonga vidole, nami namtolea nusu ya chakula changu.

Wakakua, wakaokota mipira ya wakubwa, wakapewa raketi kuukuu, mwisho wakawa wachezaji. Katika mchezo wa wawili wawili, anayesimama karibu na neti huficha mkono mgongoni akamwonyesha mwenzake aliye nyuma, yule anayeanzisha mpira, kama atabaki alipo au atahama. Kila timu ina ishara zake. Wanangu walichukua zangu za kufulia. Siku hiyo nilikunja taulo huku nacheka peke yangu.

Mwaka huu mashindano makubwa yalikuja kwenye uwanja wetu, na ndani yake mna ya vijana. Kwa umri wao ulikuwa mwaka wa mwisho kuruhusiwa. Majina huandikwa kwenye meza ya waamuzi kabla ya saa sita mchana, wawili wawili. Kifungo akamwambia mjukuu wangu, "We endelea na mazoezi, kaka. Nitatuandikisha mimi."

Saa saba mjukuu akaja kwangu, akakaa juu ya furushi la taulo chafu.

"Bibi, kaniacha."

"Nani?"

"Mume wako mdogo. Kajiandikisha na yule mrefu."

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu ule ule. Kisha nikamtazama usoni, nikazima mashine.

Yule mrefu alikuwa kipenzi cha kocha, na kocha ndiye aliyewafundisha wote watatu. Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini kijana anayetaka kwenda si anaaga? Hata mpangaji anaaga.

Waliokosa wenzao huandika majina kwenye karatasi ya pembeni, hata baada ya saa sita. Mjukuu akapata mgeni mmoja kutoka mbali, mpole, asiyejua neno hata moja la lugha yetu, wala sisi la kwao. Akamleta kufulia. "Mfundishe, Bibi. Sina njia nyingine ya kuongea naye." Baada ya nusu saa mgeni alikuwa anaongea kwa vidole vizuri kuliko mwenzangu wa kupiga pasi, ambaye ana miaka kumi hapa na mpaka leo akitaka sabuni anaonyesha njaa.

Wakashinda mechi ya kwanza. Wakashinda ya pili. Ya tatu wakakutana na Kifungo na yule mrefu.

Msimamizi aliniruhusu niende kutazama. "Ila usipige kelele, Bibi."

"Kwa mashine zako zile, mwanangu, nilishaacha kujaribu."

Seti ya kwanza wanangu, mjukuu na mgeni wake, walifungwa sita kwa mbili. Sikuelewa. Kila wanangu walipoanzisha mpira na mgeni akahama, Kifungo alipiga pale pale mgeni alipotoka. Mgeni akibaki, mpira unampita mbali. Kama vile anasomewa barua.

Jambo lingine likanivuta macho. Wachezaji wakibadilishana upande, kocha naye anainuka, anazunguka uwanja, anakwenda kukaa jukwaa la upande wa pili. Mara ya kwanza nikasema ana haja ndogo. Mara ya tatu nikamhurumia, nikasema maskini, itakuwa sukari. Mara ya nne nikaona kwamba kila anapokaa, anakaa nyuma ya wanangu, mahali unapouona mkono uliofichwa mgongoni.

Mgeni akatoa vidole viwili. Kocha akagusa kofia. Mgeni akatoa ngumi. Kocha akakuna shavu. Na ng'ambo ya neti Kifungo hakuwa akimtazama mgeni hata kidogo. Alikuwa akitazama juu, kwenye kofia.

Kocha hajawahi kuingia chumba cha kufulia. Taulo zake hupelekwa aliko. Maneno yale hakuyapata kwangu.

Nikabeba mwavuli wangu wa jua, nikaenda kukaa safu ya mbele yake, nikaufungua.

"Bibi, unanikinga."

"Jua kali, mwanangu. Nawe una kofia."

Akasogea kulia, nikasogea kulia. Akasogea kushoto. Mimi nina subira, na sina pa kwenda. Watu wakaanza kucheka, akaacha kusogea.

Kifungo akainua macho kutafuta kofia, akaniona mimi. Alisimama hivyo mpaka mwamuzi akamwita. Mpira uliofuata akaupiga kwenye neti.

Wanangu wakapanda. Seti ya pili ikawa tatu kwa tatu, tano kwa tano. Kisha sita kwa tano, ya wale. Mpira wa mwisho mgeni ndiye aliyeanzisha, mjukuu wangu yuko karibu na neti, vidole viwili mgongoni. Kocha haoni kitu. Lakini mjukuu wangu, tangu mdogo, kabla ya kukimbia huinua kisigino cha kushoto, kidogo sana. Hilo nalijua mimi, na analijua mtu mmoja mwingine. Kifungo hakutazama jukwaa. Alitazama kile kisigino, akapiga alipotoka, na mechi ikaisha.

Jioni nilimwambia mjukuu habari za kofia.

"Nilijua, Bibi. Tangu seti ya kwanza."

"Mbona hukubadilisha ishara?"

"Ningemwelezaje mgeni?" Akavua viatu. "Na nilidhani ataona aibu, ataacha."

Nikamwekea chakula. Hakula.

Siku ya fainali Kifungo na mrefu wake walifungwa, nasikia. Sikwenda. Nilikuwa na taulo za uwanja mzima. Mchana nikainua macho, nikamwona Kifungo nje ya dirisha, na mfuko wa raketi begani. Amekua sasa, inabidi ainame. Mashine zinanguruma. Akaweka mkono kwenye kioo, kidole gumba kikagonga kidole kidogo, mara mbili.

Chakula kilikuwepo, pale pale kwenye kopo langu. Mkono wangu ulikuwa tayari umekwenda nusu ya njia kabla sijaurudisha.

Nikauinua, kiganja wazi. Subiri.

Kisha nikampa mgongo, nikaendelea kukunja.