Sauti ya Kituo cha Nne

Namba za kituo cha nne zilikuwa nzuri kupita kiasi, na taabu ilianzia hapo.

Vituo vinne vilikuwa vikifanya utafiti mmoja wa ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, na kazi ya mratibu ilikuwa kuhakikisha vyote vinapima kumbukumbu kwa namna moja. Mgonjwa anasomewa maneno matano, anazungumzishwa kwa dakika tano, kisha anaulizwa anakumbuka mangapi. Kwingine walikumbuka moja au mawili. Kituo cha nne, manne.

"Hao wanapika namba," profesa aliyeongoza utafiti alimwambia mratibu kwenye simu. "Kesho saa nane tuna kikao. Usiponipa sababu, nawatoa."

Kuwatoa kulimaanisha wagonjwa sitini na wawili wangefutwa kana kwamba hawakuwahi kujitolea, na muuguzi wao angebaki na jina la mwongo. Mratibu hakuamini tuhuma hiyo hata chembe. Asubuhi alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba cha vipimo cha kituo hicho, daftari magotini.

Muuguzi waliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha chekechea kabla ya kusomea uuguzi, alimkaribisha mzee aliyeletwa na bintiye.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe si mke wangu?"

"Umechelewa, baba. Nimeshaolewa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu akasoma: "Pazia, kijiko, mlima, sabuni, kofia." Sauti ilipanda kwenye mlima, ikatua taratibu kwenye kofia, na kidole chake kikagonga meza. Baada ya dakika tano mzee, ambaye jina la bintiye lilikuwa limemtoka, aliyarudisha yote matano kwa mahadhi yaleyale, naye akigonga meza.

Mratibu aliruka kitini. "Mwalimu, unaimba!"

"Mimi? Nasoma tu, mwanangu."

"Unaimba, dada," binti wa mzee akadakia. "Hata mimi yameshanikaa."

Mwalimu aliondoa kidole mezani. "Basi nimewaharibia watu sitini na wawili."

"Mwongozo niliuandika mimi, mama. Niliandika 'soma kwa sauti', nikaishia hapo. Subiri saa nane."

Saa nane, mratibu aliomba kila muuguzi asome maneno yale kwenye simu ya kikao. Wa kwanza aliyatoa mbio kama anayefukuzwa na mbwa. Wa pili alinong'ona kama anayetoa siri ya ndoa. Wa tatu alipiga chafya katikati, akarudia mawili. Mwalimu akaimba.

Profesa akaangua kicheko. "Kumbe tumekuwa tukipima wasomaji!"

"Kosa ni langu," mratibu alisema bila kutetereka. "Tutarekodi sauti moja, maneno mapya, na vituo vyote vitapima upya. Vyote vinne."

"Vyote vinne," profesa alikubali. "Na zile namba za mwanzo za Mwalimu usizitupe. Nataka kujua kwa nini wimbo unabaki pale jina la mtoto linapoponyoka."

Wiki iliyofuata mzee alisikiliza ile sauti ya kurekodiwa, akafikiri sana, akakumbuka neno moja: ndoo. Akamgeukia Mwalimu kwa masikitiko.

"Leo huimbi?"

"Tukimaliza, mzee wangu."

Mratibu akaandika moja. Ilikuwa namba ndogo, nayo aliiamini. Akafunga daftari, na Mwalimu akaanza kugonga meza.