Mshono Usio Wangu

Sitaki mtu aniambie tena kwamba mume wangu ni mjanja. Nimeambiwa na wakwe, nimeambiwa na majirani, nimeambiwa mpaka na wateja waliokuja kupunguza suruali, na kila mara nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni. Leo pini nimezitoa.

Mimi na mume wangu ni mafundi cherehani. Yeye anashona suti, mimi nashona magauni, na sote tuko katika chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Cherehani yake iko kushoto, yangu kulia, na katikati kuna meza ya kukatia ambayo tumeigombania kuliko kitu kingine chochote katika ndoa yetu. Chumba si chetu. Ni cha mama mmoja mjane anayekaa juu, mtu muungwana. Siku moja alishuka na gauni la kupunguza kiuno, akatuambia kwamba miguu ikimshinda ngazi atahamia kwa mwanawe, na chumba hiki atatuuzia sisi kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine. Bei akaitaja pale pale. Gauni lile nilimshonea bure.

Basi hicho ndicho tulichokitaka. Si gari, si ghorofa. Chumba hiki na dirisha hili, tusije tukaambiwa siku moja tubebe cherehani zetu tuondoke.

Akiba ya kwenye kopo isingefika, hilo tulilijua. Tukaulizia, tukasoma, tukachagua kampuni chache tunazoziona kwa macho yetu: ya saruji, ya maziwa, na benki ambayo foleni yake haiishi. Kila mwezi benki ilikata fungu letu na kutununulia hisa, bei iwe juu iwe chini, bila sisi kunyanyua kidole. Kununua kulijiendesha kwenyewe. Kuuza ndiko kulikotaka namba ya siri, tena ndefu, ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuikariri.

Akaunti iliandikwa jina lake. Siku ya kwenda kwa wakala wa hisa mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bibi harusi, napima pindo, na bibi harusi haachwi katikati. Nikamwambia nenda tu, andikisha, sisi ni kitu kimoja. Naam, kitu kimoja.

Namba ile niliificha mimi, na wazo lilikuwa langu. Najijua kwa hamaki, na mume wangu namjua kwa hofu, na mtu akishikwa na lolote kati ya hayo mawili anaweza kuuza mpaka kitanda anacholalia. Nikaiandika namba kwenye kipande cha kitambaa, nikakiweka ndani ya koti lake la harusi, kati ya bitana na kitambaa cha juu, nikafunga kwa sindano ya mkono. Tukakubaliana tukiwa tumetulia, tumeshakunywa chai, hakuna aliyenuna: hatuuzi mpaka mama mwenye nyumba atuite. Anayetaka kuuza kabla ya hapo, afumue bitana mbele ya mwenzake. Kufumua kunataka muda, na mtu anayefumua huku anatazamwa hupata nafasi ya kufikiri. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mafundi tu ndio wanaoweza kufunga hazina kwa uzi. Lakini alikubali, na mkono alinipa.

Kisha soko likaanguka.

Redio ikawa haina wimbo, ni bei tu. Kila mwenye simu akawa mchumi. Na hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye tunamwita Mtabiri kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea ambalo yeye hakulijua kabla, ila huwa analisema baadaye. Shemeji huyu hajawahi kumiliki hisa hata moja. Ukimuuliza hisa ni nini atakohoa. Lakini alikuja kila siku, akakalia kigoda cha wateja, akamsomea mdogo wake bei kwenye simu kwa sauti ya msibani. Uzeni, alisema. Wenye akili wameshatoka, nyinyi mnangoja nini. Wateja wanasimama, kigoda kimekaliwa, na mtu anaendelea kutabiri.

Mimi sikuwa jiwe. Niliogopa pia, na ningemwogopa mtu asiyeogopa. Lakini nilikaa kwenye cherehani nikashona, maana gauni halijali soko la hisa. Mume wangu yeye aliacha kuongea. Siku moja aliisahau pasi juu ya suruali ya mteja mpaka moshi ukapanda, tukalazimika kununua kitambaa kingine na kushona upya. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kwa upole, na upole wangu ni haba, nikauliza: vitambaa vikishuka bei kwa muuzaji wa jumla, sisi huwa tunafanyaje? Tunabeba majora yetu kumrudishia na kumpigia magoti ayanunue kwa hasara, au tunanunua zaidi? Akasema tunanunua zaidi. Nikamwambia saruji bado inapakiwa, maziwa bado yananywewa, foleni ya benki bado iko pale pale. Akaitikia kwa kichwa, nikamwamini.

Ikaja harusi ya binti wa Mtabiri. Nikatoa lile koti kabatini nilipige pasi.

Sasa, mimi nikifunga bitana kwa mkono, mishono yangu inalala upande, mirefu kidogo, kwa sababu nina haraka na sioni haya kusema hivyo. Mume wangu mishono yake ni midogo, inasimama wima, imekazwa kama anaogopa itakimbia. Niligeuza koti, nikapitisha kidole kwenye bitana, kidole kikasimama. Mshono ule haukuwa wangu.

Nilizima pasi. Nikalibeba koti mpaka kwenye meza ya kukatia, nikaliweka juu ya kitambaa alichokuwa anakikata, bitana juu.

"Umeuza?" nilimuuliza.

Alitazama mshono wake mwenyewe. "Nimeuza."

"Zote?"

"Zote. Na benki nimewaambia wasikate tena." Akaweka mkasi chini. "Kaka alisema tukingoja tutabaki na makaratasi. Nilikuwa silali, mke wangu."

Kwamba hapati usingizi nilikuwa najua, maana na mimi nilikuwa macho pembeni yake. Angenigusa bega tu. Angesema nimeshindwa, njoo tufumue, na pengine ningepiga kelele na pengine tungelia wote wawili, lakini tungekuwa wawili. Damu ilinichemka mpaka nikashika meza.

"Kuuza nakuelewa," nilimwambia. "Hofu naijua. Lakini ulitafuta uzi wa rangi ile ile, ukakaa, ukashona vizuri nisijue. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo silielewi."

Nikapiga pasi lile koti, akalivaa, tukaenda harusini.

Na huko ndiko nilikovikwa msiba na kuambiwa nishangilie. Kwa sababu katika siku zile bei zilikuwa zimeshuka tena, chini ya alipouzia. Mtabiri alisimama mbele ya watu, kwenye harusi ya binti yake, akaacha kumwombea binti akamsifu mdogo wake: mwanaume anayejua kusoma upepo, aliyeiokoa familia. Watu wakapiga makofi. Wakwe wakanishika mkono wakaniambia nina bahati, mumeo mjanja. Na yeye amekaa pale katika koti lile lile, na vile vishono vyake ubavuni, amevishwa kilemba cha ukoka na kimemkaa. Alinitazama mara moja tu, akainamisha macho. Angalau hilo alilifanya.

Tulipofika nyumbani nikamwambia vizuri. Umeuza juu, sasa bei ziko chini. Basi nunua sasa hivi, utapata hisa nyingi kuliko tulizokuwa nazo, na mimi mwenyewe nitasema mbele ya watu kwamba una akili. Akasema ngoja kwanza soko litulie. Nikauliza litakapotulia utajuaje, litakupigia simu? Akasema tusikimbilie.

Bei zikaanza kupanda. Akasema huo ni mtego. Zikapanda tena, akasema sasa ni ghali, tungoje zishuke. Zilipita pale alipouzia, zikaenda zao, naye bado anangoja. Na mimi nafanya nini? Akaunti jina lake, fedha ya mauzo jina lake, hata ujumbe wa benki unaingia kwenye simu yake. Nusu ya fedha ile ilitoka kwenye magoti yangu, kwenye mapindo ya maharusi niliyopima sakafuni, nami siwezi kununua hata hisa ya kutazama. Nilimwomba, nikamnunia, nikamwomba tena. Hofu iliyomtoa mle ndani ndiyo hiyo hiyo iliyomzuia kurudi, na shemeji alikuwa pale kwenye kigoda kuimwagilia maji.

Mama mwenye nyumba alishuka siku ya mvua, ameshika ukuta kila ngazi. Hakuwa na gauni la kupunguza safari hii. Alikaa, akapumua, akasema miguu imekataa, mwanawe anakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Bei ni ile ile aliyotuahidi, hajaongeza hata kidogo. Akatutazama anatabasamu, anangoja tufurahi.

Mume wangu akasema asante mama.

Hatukufika. Tuliweka yote tuliyokuwa nayo, na pengo lilikuwa ndilo lile hasa ambalo hisa zetu zingeliziba kama zingeachwa zilale. Tulikwenda benki, wakataka dhamana, na dhamana pekee ambayo tungekuwa nayo ilikuwa chumba chenyewe. Mama wa watu alingoja mpaka gari la mwanawe likasimama mlangoni. Alilia yeye kabla yangu. Chumba kikanunuliwa na mwenye duka la simu la jirani. Kututoa hakututoa, kodi tu ameipandisha, na dirisha letu amelibandika tangazo lake kubwa la simu. Sasa tunashona kwa taa mchana kweupe.

Mtabiri alipokuja na kuona lile tangazo, alikalia kigoda, akatikisa kichwa, akasema siku zote alijua tulipaswa kurudi sokoni mapema. Nilisimama. Nikakichukua kigoda kutoka chini yake, kwa adabu, akiwa ameshaanza kunyanyuka, nikakiweka nyuma ya cherehani yangu. Nikamwambia, shemeji, hapa wanakaa wateja. Tangu siku hiyo anasimama mlangoni.

Mwezi huo nilikwenda mwenyewe kwa wakala wa hisa. Nilimwacha bibi harusi na pini zake, nikamwambia anisubiri, akanisubiri. Akaunti jina langu. Saruji, maziwa, benki, kila mwezi, bei iwe juu iwe chini. Kuna chumba kingine mwisho wa mtaa huu, kidogo kuliko hiki, lakini dirisha lake linapata jua. Mwenyewe bado hauzi. Siku moja atauza.

Namba ya siri sikuikariri, maana bado najijua. Nikaiandika kwenye kipande cha kitambaa. Kisha nikafanya jambo ambalo dada yangu aliposikia aliniuliza kama nimerogwa. Nikachukua lile koti la harusi, nikafumua vile vishono vilivyosimama wima kimoja kimoja, nikaweka kitambaa, nikafunga kwa mishono yangu inayolala. Nikalipeleka upande wa kushoto wa chumba, nikaliweka mbele yake, na sindano juu yake.

Akalitazama, akanitazama. "Unaniachia mimi?"

"Nakuachia wewe," nilimwambia. "Siku ukiogopa, fumua. Lakini ukifumua, usishone tena. Acha wazi, nikute wazi."

Mikono yake ilitetemeka, safari hii ilitetemeka kweli. Alichukua sindano akaichomeka kwenye kijimto chake cha pini. Akageuza koti ndani nje, akalitundika kwenye msumari juu ya cherehani yake, bitana ikitazama chumba kizima, mahali ambapo kila mteja anaingia anauliza koti gani hilo limetundikwa vibaya.

Wiki iliyopita bei zilianza kushuka tena. Redio ilisema, na shemeji akasimama mlangoni akarudia. Mume wangu alinyanyua macho, akatazama lile koti. Na mimi nilitazama, tena nilitazama vizuri. Mishono ilikuwa yangu yote. Akainama, akaendelea na suruali yake.