Kiti cha Pili cha MG Midget

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Tangu alfajiri Tunduma ilikuwa na manyunyu na ukungu, na malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani yalikuwa bado yamewasha taa ingawa saa mbili ilishapita.

Siku hiyo ukoo ulikutana kugawa vitu vya marehemu mzee wao. Nyumba na shamba havikuleta maneno. Kilichobaki ni gari dogo jekundu, lililokaa uani chini ya turubai kwa miaka ishirini. Clever, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alishasimama kando yake na mtungi wa gesi ya kukatia.

"Likatwe," alisema Timotheo, mzaliwa wa kwanza na msimamizi wa mirathi. "Gari gani halibebi hata gunia moja la mahindi?"

Dada yake Gwalugano, mwenye duka la vipuri, alimwomba Mungu moyoni ampe maneno, kisha akasimama.

"Kaka, hili ni MG Midget. Baba alilinunua Kitwe, Zambia, alipokuwa mgodini. Waingereza walitaka gari la spoti ambalo hata mtu wa kipato cha kawaida angelimudu, ndiyo maana hawakubuni kila kitu upya. Injini yake ni ya ukoo mmoja na ya Morris Minor, gari la watu wa kawaida. Watu walimsifia kaka yake mkubwa, MGB, hili wakaliona la kitoto. Tangu 1979 halitengenezwi tena. Lakini linafufuka! Vipuri nitavitafuta mimi."

"Mama, umehubiri!" Clever aliangua kicheko. "Mchungaji akiugua, tutakuita wewe."

Watu wakacheka. Timotheo hakucheka.

"Umesema yote," alisema polepole, "ila hukusema lina viti vingapi."

"Viwili."

"Viwili. Cha baba, na chako wewe kitindamimba. Kila Jumapili mlinipita njiani nikienda kanisani kwa miguu, mkanirushia matope. Na wewe ulikuwa unanipungia mkono."

Gwalugano aliukumbuka mkono ule. Miaka yote alidhani kaka yake alikuwa akifurahi pamoja naye. Katika yote aliyoyasoma juu ya gari lile, hilo halikuwamo.

"Binti," alisema baba mdogo Yonathani, aliyeongoza kikao, "una neno jingine?"

Gwalugano akamwendea kaka yake. "Nisamehe. Sikujua."

Timotheo akamgeukia mnunuzi.

"Clever, hebu weka kando mtungi wako," akasema. "Na wewe, dada, sema unachotaka kufanya. Sema kwa sauti, ukoo usikie."

Gwalugano akawageukia wote.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, nitalitengeneza kwa jasho langu. Siku litakapowaka, ataliendesha kaka Timotheo mpaka kanisani, na kiti cha pili atakikalia amtakaye yeye. Mimi nitakwenda kwa miguu."